Nilisema Simama

Kadzo alinipigia simu Jumatano asubuhi nikiwa katika ukumbi mmoja huko Nyali, nikiwavisha vijana hedseti kwa ajili ya kongamano la siku mbili. Alisema, "Da Mwende, baba ametutoka," akaniambia mazishi ni Jumamosi, Mwakirunge, na kwamba familia imekaa ikaamua mimi niseme maneno machache kwa niaba ya watu waliofanya kazi naye. Nilikubali upesi mno. Nilipokata simu nilikaa juu ya kasha la spika, hata kijana mmoja akaja kuniuliza kama nataka maji. Sikutaka maji. Nilitaka mtu aliyekuwa karibu anipokonye ile simu kabla sijasema ndiyo. Mzee Karisa, baba yake Kadzo, alikuwa mvuta cheni katika kampuni ya majukwaa niliyoanzia kazi, miaka kumi na tisa iliyopita. Alipoteza mguu kazini, akapoteza na jina lake, na jina nililichukua mimi kwa mdomo wangu. Familia yake haikulijua hilo, ndiyo sababu walinichagua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka ule. Kampuni ilikuwa na godauni Mishomoroni, jengo refu la mabati lililokuwa likifanya kazi ya tanuri kuanzia saa tano asubuhi. Spika zilipangwa upande wa kushoto, mabomba ya jukwaa upande wa kulia, na katikati palibaki njia ya mkeka mmoja ambapo tulikula. Mwenye kampuni, Bwana Twaha, alikuwa na ofisi ya vioo juu, ya kupandwa kwa ngazi ya chuma, na kutoka pale alituona sote bila sisi kumwona vizuri. Alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa mjini, mwenye kanzu safi na maneno matamu, na sikumbuki hata siku moja aliyoinua sauti yake. Hakuhitaji kuiinua. Akishuka ngazi, mazungumzo yalikwisha yenyewe, na yeye akafikiri ni heshima. Sisi tuliita hivyo pia.

Mzee Karisa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Alikuwa Mgiriama mwembamba, mikono mirefu, asiyecheka ovyo, na chakula chake cha mchana alikileta kwa kibakuli: sima, mboga ya mchunga, na siku za bahati kipande cha papa. Mchunga ule ulikuwa mchungu wa kufunga taya. Siku yangu ya kwanza kusimamia unyanyuaji wa paa nilimpigia kelele nikiwa mbele ya jukwaa, "Karisa, vuta!" Hakuvuta. Akasimama na cheni mkononi akinitazama kama anayesubiri basi. Nikapiga kelele tena. Mwishoni Odhiambo, aliyekuwa kwenye mnara wa pili, akanijia akaniambia kwa sauti ya chini, "Msalimie kwanza, Mwende. Huyu buda hawezi kukusikiza bila salamu." Nikasema shikamoo, kwa hasira. Mzee Karisa akaitika marahaba, akaniuliza nimeamkaje, akaniuliza nyumbani wazima, halafu ndipo akavuta. Tulipokula mchana akanisogezea kibakuli chake nionje mchunga. "Mimi mwanangu siamrishwi na mtu ambaye hajaniuliza nimelalaje," alisema. "Hicho ni kitu kidogo. Nipe hicho, n'takuvutia hata mlima." Tangu siku hiyo ilikuwa desturi yetu: hakuna cheni inayovutwa kabla ya kila mtu kumsalimia kila mtu. Wateja wengine walituona wavivu.

Watu wasioijua kazi hii hufikiri jukwaa ni mziki. Jukwaa ni paa la chuma, zito, linalopandishwa juu kwa minara minne, na kila mnara una mtu wake anayevuta cheni kwa mikono. Wanne hao hawaonani. Kila mmoja ameipa dunia mgongo, macho juu kwenye ndoano yake. Anayeona paa lote ni mmoja tu, anayesimama mbele, hatua thelathini hivi, na nyuma yake jenereta inanguruma. Wote wanne wakivuta sawa, paa hupanda limelala sawasawa. Mmoja akinasa na wenzake wakaendelea, uzito wote humwendea yule aliye jirani yake. Kwa hivyo neno muhimu kuliko yote katika kazi yetu ni simama, na swali lote la mawasiliano ni hilo moja, kwamba neno simama likitoka kwa anayeona litamfikiaje asiyeona. Kabla ya mwaka ule tulitumia mbinja na vitambaa.

Kazi zilipoongezeka, Bwana Twaha akaniita juu ofisini. Ofisi ilikuwa na feni, kapeti, na birika la kahawa ya tangawizi. Akaniambia kampuni inakua, na haifai tuonekane tukipigiana mbinja mbele za watu. Alitaka nichague mtambo wa mawasiliano. Mfanyabiashara mmoja angetuazima aina mbili kwa wiki moja, nizijaribu, nimwandikie ripoti. "Na atakayeuchagua ndiye atakayeutumia," alisema. "Nataka msimamizi wa jukwaa, Mwende. Mwanamke hajawahi kuwa msimamizi hapa pwani, lakini mimi n'naona yawezekana." Nilishuka ile ngazi nikiwa nimeshajiona. Nataka kusema ukweli juu ya hili: niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Tulijaribu mitambo yote miwili katika kiwanja cha wazi huko Ziwa la Ng'ombe. Wa kwanza ulikuwa wa hedseti za waya. Kila mtu anavaa yake, kebo zinatandazwa kutoka mnara hadi mnara, na wote wanasikizana muda wote, kama watu waliokaa chumba kimoja. Wa pili ulikuwa redio koli kumi na mbili, nyeusi, za kuning'inia kiunoni, ambazo anayetaka kusema hubonyeza kitufe. Zote zilitumia chaneli moja, na katika chaneli hiyo aliyetangulia kubonyeza ndiye aliyekuwa na hewa. Ukibonyeza naye bado amebonyeza, yako inakulilia tiii sikioni mwako mwenyewe, na hakuna mwingine anayejua kwamba umejaribu. Siku ya waya salamu zetu zilikwenda zote pamoja, marahaba juu ya salama juu ya alhamdulillahi, na paa likapanda huku Mzee Karisa bado anamwuliza Odhiambo habari za mtoto wake. Siku ya redio koli salamu zilipanga foleni. Tulimaliza kusalimiana paa likiwa halijapanda hata shubiri. Odhiambo alicheka mpaka akakaa chini. "Hizi ni za askari wa geti, wasee hawana maneno mingi," alisema. "Sisi hapa tutauana."

Basi nikaandika ripoti. Niliiandika kwa mkono, kurasa mbili, na sentensi moja naikumbuka neno kwa neno kwa sababu ndiyo sentensi bora niliyowahi kuandika: *Sisi watu wa hapa tunasalimiana kazini, na hatutaacha, kwa hiyo tunahitaji mtambo ambao mtu anaweza kumkatiza mwenzake.* Nilipendekeza hedseti za waya. Bwana Twaha aliisoma akiwa amesimama. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema waya ni mambo ya nyuma, kebo zitachukua saa nzima kutandazwa, na mteja akija atakuta watu wamefungwa kama mbuzi. Akachukua redio koli moja mezani akaivaa kiunoni juu ya kanzu, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. "Hii ndiyo kampuni, wallahi," alisema. "Haya ya salamu uyatoe, mwanangu. Andika kwamba watu watafunzwa wasisalimiane hewani. Andika redio moja moja kwa kila mtu, na moja yangu mimi. Ukishamaliza, uweke sahihi hapa, nami nitie yangu pale pa kukupandisha." Karatasi mbili zilikuwa mezani tayari. Nilikaa kwenye kiti chake mwenyewe nikaandika ripoti mpya, naye akaichana ile ya kwanza. Nilikunywa na kahawa yake.

Sasa kazi yangu ndiyo hiyo. Watu huniita kutoka Malindi, kutoka Diani, kuniuliza wanunue mtambo upi, wa waya au usio na waya, wa chaneli ngapi, wa betri ya saa ngapi. Hunitolea vitabu vyenye picha. Mimi huwauliza swali moja ambalo huwaudhi: hapa kwenu, mdogo anaweza kumnyamazisha mkubwa? Kama hawezi, basi usinunue mtambo ambao mkubwa akishika hewa hakuna wa kumtoa. Huniona mwanamke mwenye uchungu, na hawakosei. Wengine huenda kununua kwa mtu mwingine anayetabasamu.

Tulifundishana kuacha salamu hewani, kweli. Nilisimama kwenye mkeka pale godauni nikawaambia, na Mzee Karisa alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na tonge mkononi. Akauliza, "Na tajiri naye amefunzwa?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema kila mtu atafuata. Alinitazama kidogo, akala tonge lake. Tangu hapo tulisalimiana kwa miguu: kila asubuhi nilizunguka minara yote minne kumpa kila mtu mkono, ndipo nikaenda kusimama mahali pangu. Mzee Karisa alisema hiyo ni bora zaidi, kwa kuwa sasa ananiona uso. Miezi minne ilipita bila tatizo, na mimi nikaanza kuamini ile ripoti ya pili.

Kazi ile ilikuwa Changamwe, sherehe ya wafanyakazi wa kampuni moja ya mizigo, katika uwanja wenye vumbi jekundu. Saa nne asubuhi paa lilikuwa limefika nusu ya safari yake. Niliona pembe ya tatu imesita. Kamba ya bango ilikuwa imejiviringisha kwenye gurudumu lake, na mvutaji wa pale alikuwa akihangaika nayo. Pembe ya nne, ya Mzee Karisa, ilikuwa bado inapanda. Nikabonyeza kitufe kusema simama, na redio ikanililia tiii. Kisha nikaisikia sauti ya Bwana Twaha, tulivu, tamu, imejaa masikioni mwetu sote. Alikuwa amewasili getini na wageni wawili wa kampuni ile, na alikuwa akiwaonyesha mtambo wake. "Assalaam aleikum vijana wangu. Hamjambo nyote? Habari za kazi? Poleni na jua. Nimekuja na wakubwa, wataka kuwajua. Huku tuna vijana kumi na moja, bwana, na wote wanisikia hivi sasa, hata aliye nyuma kabisa..." Nikabonyeza tena. Tiii. Odhiambo naye alibonyeza, aliniambia baadaye, alipohisi cheni yake imezidi uzito. Nikasema simama, nikasema simama, nikasema simama, ndani ya kile kidude kilichokuwa kikinililia, halafu nikakitupa nikakimbia nikipiga mayowe, na jenereta ikayameza. Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka kwake ndoano ilipochomoka. Mzee Karisa alikuwa ameinamisha kichwa upande wa redio yake, na midomo yake ilikuwa ikimwitikia tajiri salamu.

Bomba lilimwangukia mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari hakupata cha kuokoa. Nilikwenda kumwona siku ya tatu, wodi iliyojaa, kitanda cha dirishani, mkewe amekaa kwenye stuli akimpepea kwa kipande cha boksi. Nilikuwa nimepanga nini cha kusema, na sikukisema, kwa sababu yeye alinitangulia. "Mwende," aliniuliza, "we uliniambia nisimame?" Alikuwa akiniuliza kwa kweli. Alitaka kujua. Nikasema, "Nilisema, mzee. Nilisema simama mara tatu." Akafumba macho. "Mimi nilimsikia Bwana Twaha tu," alisema. "Sauti yako sikuipata. Basi masikio yangu ndiyo yaliyoniangusha." Hapo ndipo palikuwa mahali pa kufungua mdomo na kumweleza namna redio zile zinavyofanya kazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwelezea vizuri, maana ripoti iliyoeleza ilikuwa imechanwa. Mkewe alikuwa akinitazama. Nikamwekea machungwa juu ya kabati, nikasema pole, nikaondoka.

Wiki iliyofuata alikuja mtu wa bima. Alikaa ofisini kwa Bwana Twaha, kwenye kapeti, chini ya feni, na ripoti yangu ilikuwa mbele yake, ile ya pili, yenye sahihi yangu. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyechagua mtambo. Nikasema ndiyo. Aliniuliza kama nilitoa amri ya kusimama. Bwana Twaha alikuwa akinimiminia kahawa. Nikasema, "Nilitoa, mara tatu." Akauliza, na mfanyakazi akaendelea kuvuta? Nikasema, "Akaendelea kuvuta." Mtu yule akaandika. Hakuuliza nani alikuwa hewani, na hakuna aliyemwambia. Odhiambo alingoja chini ya ngazi. "Umesema ukweli kila neno," aliniambia. "Hiyo ndiyo ubaya yake." Aliacha kazi mwisho wa mwezi, akaenda zake Nairobi, na hajawahi kunipigia. Mzee Karisa aliandikiwa barua ya kupuuza amri ya msimamizi, na mambo ya barua hayakai ndani ya bahasha katika mji mdogo. Hakuna jukwaa lililomchukua tena, hata kwa kazi ya kukaa. Alihamia Mwakirunge akawa anaponda kokoto machimboni, ameketi. Bwana Twaha aliuza kampuni baadaye akaenda kuishi kwa wanawe ng'ambo. Mimi nilibaki msimamizi, na mwaka uleule gazeti moja likaja kunipiga picha.

Jumamosi nilikwenda Mwakirunge. Nilisema maneno yangu kwenye kipaza sauti kibovu kilichokuwa kikikoroma, nikamsifu marehemu kwa bidii na adabu yake, watu wakaitikia. Kisha Kadzo, ambaye mwaka ule alikuwa msichana wa shule ya msingi, akasoma maisha ya baba yake, na alipofika kwenye ajali alisoma bila kupunguza mwendo kwamba mzee aliumia kwa tatizo lake la kusikia. Baada ya kuzika tuliingizwa chumba cha mbele, wanawake, tukapewa wali na maharagwe ya nazi. Kadzo akaja kukaa karibu nami. Alinishukuru. Akasema baba yake alinitaja mara nyingi, na hakuwahi kuniwekea kinyongo.

"Nilimpeleka kupimwa masikio mara mbili," alisema. "Mara zote mbili wakasema hayana kitu, anasikia kama kijana. Baba akakasirika, Da Mwende, sijamwona akikasirika vile. Alisema hao wapimaji hawajui kazi, kwani Mwende aliniita mara tatu, na Mwende si mtu wa uwongo." Alikuwa akitabasamu kwa huzuni, kama watu wanavyotabasamu wakimkumbuka mzee mbishi. "Hata wajukuu alikataa kuachiwa. Alisema wakilia hatawasikia. Miaka yote hiyo hajakaa peke yake na mtoto hata mmoja."

Nilimwambia. Nilimwambia yote pale pale, kitufe, tiii, sauti ya tajiri, wodi, kahawa, barua, na wanawake wawili waliokuwa karibu wakaacha kula. Kadzo aliniacha nimalize. Akaichukua sahani yangu mapajani, ambayo sikuwa nimeila hata nusu, akaiweka chini. "Wanangu wako pale nje," alisema. "Toka ukawaambie wao."

Nikatoka. Walikuwa watatu, wamekaa kwenye benchi la kukodi wakiwa na nguo zao za kanisani. Nikapiga magoti mbele yao ili wanione uso, nikawaambia kwamba babu yao alikuwa akisikia vizuri, siku zote, hadi mwisho. Wadogo wawili hawakuelewa. Mkubwa, msichana wa miaka kama kumi, akaniuliza mbona basi babu alikuwa hataki kubaki nao.

"Kwa sababu aliniamini mimi," nikamwambia.